Ncha za Mzee Tokuzo

Fusae hakuumbiwa kukaa. Baba yake alikuwa mchuuzi wa dawa kutoka Toyama, mtu wa kuzunguka vijijini na sanduku mgongoni, na kwao walizoea kusema kwamba binti huyu hakurithi sura ya baba bali nyayo zake. Alipoolewa Higashi-Osaka, katika nyumba ya kina Morikubo, mama mkwe wake, Umeno, alimtazama kwa siku chache akiingia na kutoka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akamwambia mwanawe, "Nori, huyu hujamuoa, umempangishia chumba tu. Mwisho wa mwezi atahama."

Hakuhama. Lakini hakutulia pia. Akipika wali alikuwa akifagia, na akifagia alikuwa nusu mwili nje mlangoni akiulizana na majirani habari za mvua. Mumewe, Noriaki, mtu wa maneno machache, alimpenda hivyohivyo. Mtoto hawakujaliwa, na baada ya miaka kadhaa watu waliacha kuwauliza.

Nyumba ile juu ilikuwa makazi na chini karakana. Huko chini Noriaki na baba yake, mzee Tokuzo, walitengeneza sindano za vali: vipande vya chuma vyembamba, urefu wake kama punje ya mchele, vyenye ncha inayoziba tundu dogo ndani ya mashine za kupimia hewa ya wagonjwa hospitalini. Noriaki alikereza chuma kwenye mashine. Mzee Tokuzo alimalizia ncha kwa mkono, moja baada ya nyingine, akigusisha kinoo kidogo kilicholowa mafuta kwenye chuma kinachozunguka. Na Umeno ndiye aliyekagua. Alikaa kwenye hadubini karibu na dirisha, kibano mkononi, akitenga nzuri na mbovu, na mbovu alimrudishia aliyeitengeneza bila kupepesa jicho.

Umeno alianguka ghafla msimu mmoja wa baridi, na hakuamka. Matanga yalipokwisha, mzee Tokuzo alimwita mkwe wake akamwonyesha kile kiti kitupu.

"Kesho utakaa pale."

"Baba, mimi siwezi kukaa."

"Hatuhitaji makalio, tunahitaji macho. Makalio yatafuata."

Hayakufuata sana. Fusae alikagua sahani moja ya sindano, akainuka, akaenda mlangoni, akautazama mlima Ikoma kama vile alikuwa na miadi nao, akarudi. Akakagua sahani nyingine, akanywa chai ya shayiri akiwa amesimama, akarudi. Mzee aliwaambia majirani kwamba mkwe wake anakagua vitu viwili, sindano na barabara. Hata hivyo, alipoyaweka macho yake kwenye vile vioo, kitu fulani ndani yake kilipata nafasi ya kutembea. Punje ya chuma iligeuka mlima. Mikwaruzo ilikuwa makorongo, chembe ya vumbi ilikuwa jabali. Miguu ilikuwa chini ya meza, lakini macho yalizunguka, na hilo lilimsaidia.

Kwa miaka mingi ya kutazama, alizijua kazi za mikono ya nyumba ile kuliko alivyozijua nyuso. Kazi ya Noriaki ilikuwa na mistari myembamba iliyolingana, kama matuta ya mkulima asiye na haraka. Ncha za mzee hazikuwa na mstari wowote. Ukiigeuza sindano yake chini ya taa, mwanga uliizunguka ncha, ukafunga duara bila kukatika. Hicho ndicho alichofundishwa kutafuta: duara la mwanga lisilokatika.

Mwaka wa sabini na nane, mvua za mwezi wa sita zilipoanza, duara lilikatika.

Mara ya kwanza aliona vijibapa vidogo kwenye ncha, kana kwamba mtu ameimenya kwa kisu badala ya kuilainisha kwa kinoo. Akapangusa vioo. Akabadilisha taa. Akachukua sindano ya pili, ya tatu. Nyingine ilikuwa safi, nyingine ina vijibapa. Akainuka kwenda mlangoni, akarudi kabla hajafika.

Aliamua kwamba kosa ni la jirani. Upande wa pili wa ukuta wao, mzee Godai alikuwa na mashine ya kugonga mabati iliyotikisa sahani za chakula kabatini. Fusae alimwendea na mwavuli.

"Mzee Godai, mashine yako inanitikisia ncha."

"Dada, mashine hii ilikuwa ikitikisa kabla hujaolewa. Hata mke wangu nilimpata kwa sababu alijikwaa hapa mlangoni."

"Izime kidogo tu, saa ya chakula cha mchana."

Godai aliizima, kwa masharti ya kuletewa matango ya kachumbari, na mzee Tokuzo, ambaye siku hiyo hakutaka kupumzika, alimalizia sahani nzima katika ukimya ule. Fusae aliikagua mara moja. Vijibapa vilikuwapo palepale. Akakagua mkanda wa mashine, akauliza kama kinoo ni kipya, akamwomba Noriaki apime kama mashine imelegea. Noriaki akapima, akasema haijalegea. Hakubakiwa na kitu kingine cha kulaumu.

Basi akaanza kumtazama mzee mwenyewe. Aliona kwamba siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu mwenye baridi, ilhali joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Aliona kwamba akizungumza na watu huuweka mkono wa kulia chini ya kwapa. Aliona kwamba amekuwa mkali kwa mambo yasiyo na maana, akamfokea mtu wa posta kwa kupiga hodi. Na siku moja, alipokuwa akimpa sahani mpya, ncha za vidole vya mzee zilikuwa zikicheza, kidogo tu, kama jani lenye upepo ambao wengine hawausikii.

Kuanzia hapo Fusae hakuwa na raha. Alivunja bakuli, akasahau wali motoni. Alitoka kwenda kununua tofu akarudi na vitunguu. Mzee huyu alikuwa ameshika kinoo tangu ujana wake. Baada ya vita, mji ukiwa majivu, alianza karakana ile kwa kinoo na mashine iliyookolewa kwenye kifusi. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mkono wake umekwisha? Na nani amwambie, mkwe, mtu aliyeletwa kutoka nje?

Alimwambia mumewe. Noriaki kwanza alimdhihaki kidogo, akamuuliza kama amechoka kumfulia baba nguo. Fusae akamvuta hadi kwenye hadubini, akamkalisha. Noriaki alitazama sindano moja, akaomba nyingine, akatazama kwa muda mrefu. Kisha alirudi kwenye mashine yake akakereza mpaka mchana. Walipokuwa wakila tambi za baridi, mzee akiwa amekwenda kununua sigara, ndipo alipofungua mdomo.

"Ukimwondoa Baba kwenye kinoo, mwaka mpya hatauona."

"Na wagonjwa je, Nori?"

"Mbovu usizipitishe. Lakini usimrudishie yeye."

"Nimrudishie nani, paka?"

Noriaki aliitazama mashine ya baba yake. Fusae alielewa mwenyewe. Kila alasiri mzee Tokuzo alichukua taulo na beseni akaenda kwenye nyumba ya kuogea ya mtaani, na huko alikaa sana, kwa kuwa wazee wenzake walikuwa huko na siasa zilikuwa nyingi. Alipotoka tu, Fusae alichukua zile mbovu alizoficha kwenye kopo la majani ya chai, akasimama mbele ya mashine ya mzee, akaanza kujifunza.

Zile za mwanzo aliziharibu zote. Kinoo kikigusa kwa nguvu, ncha inaungua; kikigusa kwa woga, kinarukaruka. Alizitupa, akamwambia mumewe akereze za ziada. Lakini kazi ile ilikuwa ya kusimama, na kusimama kulimfaa. Mwili ulipata pa kuegemea bila kukaa. Kabla nyenje hawajaanza kupiga kelele za kiangazi, alikuwa anaweza kufunga duara la mwanga, si kila mara, lakini mara nyingi. Mzee akirudi kutoka kuoga, uso mwekundu, alikuta mkwe wake yuko kwenye hadubini akijifanya hana hili wala lile.

"Leo zimekataliwa ngapi?" mzee aliuliza kila jioni.

"Hakuna, Baba."

Mzee aliitazama sahani ya mbovu, tupu, akaguna, akapanda juu.

Fusae aliuchukia mguno ule bila kujua sababu. Alidhani ni wa mtu aliyeridhika, na ni uongo wake uliomridhisha. Mara nyingine alitamani aropoke yote. Mara nyingine alijisifu moyoni kwamba amembeba mzee mgongoni bila mwenyewe kujua. Kati ya mambo hayo mawili alizunguka siku nzima, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni.

Ikaja sikukuu ya Bon, wafu wanaporudi kutembelea nyumba zao. Kila karakana ilikuwa inakimbilia kufunga. Mteja wao wa Amagasaki alitaka mzigo kabla ya likizo, na gari lilikuwa limeshasimama nje, dereva akipepea uso kwa kofia. Sahani ya mwisho ilikuwa na ncha za kutilia shaka, si nzuri wala si mbovu kabisa. Nafasi ya kuzirekebisha haikuwapo, mzee yuko papo hapo ameketi. Fusae alitazama mara moja, akatazama tena, jasho likimwingia machoni. Kisha akaifunika sahani na kumpa dereva.

Siku zote za Bon hakuweza kula. Alimwekea Umeno wali na biringanya mbele ya picha yake, akashindwa kuinua macho kumtazama.

Kazi ilipoanza tena, siku moja ya joto kali, mzee alitoka na beseni lake kama kawaida. Fusae akachukua kopo, akawasha mashine. Hakujua kwamba tanuri la nyumba ya kuogea lilikuwa limeharibika. Alipogeuka kuchovya kinoo kwenye mafuta, mzee Tokuzo alikuwa amesimama mlangoni, taulo shingoni, kavu.

Fusae aliizima mashine. Sindano ilimtoka mkononi ikapotelea sakafuni. Mzee hakupiga kelele. Aliweka beseni chini, akaichukua ile sahani ya zilizokwisha, akachomoa mfukoni kile kioo chake cha kubana jichoni, akatazama kwa muda mrefu, sindano baada ya sindano.

"Hizi si zangu," alisema.

"Baba..."

"Sijauliza mimi ni nani kwako. Nauliza hizi ni za nani."

"Ni zangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Noriaki naye alikuwa amezima mashine yake, na karakana yote ikanyamaza. Mzee aliketi kwenye kidato cha ngazi ya kwenda juu. Kwa mara ya kwanza hakuuficha mkono. Aliuacha gotini, ukicheza, nao wote watatu wakawa wanautazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Mkono huu naujua tangu theluji," alisema. "Sikuhitaji kioo. Nilijiambia, nitaendelea mpaka siku Fusae atakaponirudishia. Akinirudishia, naacha. Mtu hawezi kujiachisha mwenyewe, mwanangu. Kila jioni nimekuja kutazama sahani ya mbovu. Tupu. Nikajiuliza, labda bado nafaa. Labda ni uzee tu unanitisha. Mkono unaniambia hivi, wewe unaniambia vile. Nimekuwa kama mwehu humu ndani."

Fusae alitaka kujitetea. Alitaka kusema kuhusu vidole vilivyoungua na alasiri zote zile. Kilichotoka kilikuwa kifupi. "Nilikuonea huruma."

"Umeno hakunionea. Mwaka tuliooana alinirudishia sahani nzima mbele ya wageni. Nilikaa siku tatu sisemi naye." Akamgeukia Noriaki. "Kuna mbovu iliyotoka humu ndani?"

Noriaki alianza kusema hapana. Fusae akamkatiza. Akaeleza kuhusu sahani ya Bon, gari mlangoni, jasho machoni. Alieleza akiwa amesimama wima pale alipo, bila kusogea hata hatua, na huenda tangu aingie nyumba ile hakuwahi kusimama hivyo.

Mzee aliinuka. Akaenda kwenye mashine yake, akafunga chuma, akachukua kinoo. Walimwangalia akifanya kazi. Alibana kiwiko mbavuni, akaacha kuvuta pumzi, akagusisha. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua kila kitu na asiyeweza tena. Alipomaliza, aliichukua sindano kwa kibano, ikamponyoka, akaiokota, akaiweka chini ya hadubini.

"Kaa," alimwambia Fusae.

Akakaa. Akarekebisha vioo. Ncha ilikuja mbele yake kubwa kama kilima, na ubavuni mwake mwanga ulifika mahali ukakatika, ukaruka, ukaendelea. Aliitazama mpaka machozi yakafanya picha yote kuwa ukungu, akayafuta, akaitazama tena ili asije akakosea.

"Haifai," alisema.

"Sema kwa sauti, Nori hajasikia."

"Haifai, Baba."

Mzee Tokuzo aliitikia kwa kichwa. Akapangusa kinoo kwa kitambaa, akakiacha palepale juu ya mashine, akapanda ngazi. Huko juu walisikia redio ikifunguliwa, mpira wa besiboli, sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Noriaki alimwendea mkewe akamwekea mkono begani, na Fusae aliuondoa, akatoka nje, akatembea hadi mfereji, akarudi, akaenda tena.

Kesho yake alikwenda Amagasaki. Hakukusudia kwenda na mzee, lakini alimkuta mlangoni amevaa koti lake la harusi na mazishi, boksi la vitafunio vya maharage tamu likitetemeka kwenye kitambaa chake. Alisema kwamba sahani ile imetoka na jina lake, kwa hiyo itarudi mbele yake. Walipanda treni. Fusae alikaa, akasimama, akashika ukanda wa juu, akakaa.

Kiwandani walipokelewa na bwana Hirobe, mkuu wa ununuzi, mtu mpole ambaye siku hiyo upole ulimwisha. Baadhi ya sindano zilikuwa zimeshafungwa ndani ya vali, na ilibidi vali zifunguliwe moja moja. Hakuna iliyokuwa imefika hospitalini. Fusae alipopata habari hiyo akaomba maji. Mzee aliinama mbele ya bwana Hirobe mpaka paji lake likakaribia meza, akasema mkono wake umeharibika, tangu leo ncha ni za mkwe wake, na kama hawazitaki hatawalaumu. Bwana Hirobe alisema watapima za mkwe. Walipima kwa majuma, na hadi majira ya baridi oda yao ilipunguzwa nusu. Noriaki alilazimika kukereza misumari ya vitanda vya kukunja kwa ajili ya mzee Godai, kazi aliyoichukia.

Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, kwamba dawa itapunguza lakini haitaondoa. Mzee alimeza dawa kwa siku chache, akasema zinamlaza, akaacha.

Mwaka mpya aliuona, kinyume cha maneno ya mwanawe, na mingine baada yake. Siku moja alikuja karakanani bila kuitwa, akaketi kwenye kiti cha hadubini. Kibano hakikumtii, kwa hiyo Noriaki alimtobolea bamba lenye vishimo, sindano zikasimama humo kama miche, na mzee hakuhitaji kuzishika. Alihitaji macho tu. Na macho alikuwa nayo. Alimrudishia Fusae sindano asubuhi na jioni. Wakati mwingine alimrudishia sahani karibu yote, akisema, "Hii umeinoa au umeitafuna?" Fusae alikasirika, akaondoka mbele ya mashine, akazunguka karakana akinung'unika Kitoyama, akarudi, akashika kinoo. Kazi yake ilipata sura yake yenyewe. Haikuwa kama ya mzee. Duara lake la mwanga lilikuwa jembamba zaidi, lenye ukali fulani. Mzee hakuwahi kulisifu. Bwana Hirobe ndiye aliyeleta habari kwamba wanarudisha oda nzima, na mzee aliposikia alisema tu kwamba hao nao hawana macho.

Alifariki majira ya machipuko, kitandani, baada ya juma moja la homa. Mpaka majuma machache kabla ya hapo alikuwa bado akishuka ngazi.

Fusae alijaribu kukagua kazi yake mwenyewe. Hakuweza. Kila ncha aliiona nzuri asubuhi na mbovu jioni. Alizirudia zilizokuwa sawa mpaka akaziharibu, akakosa usingizi na hamu ya chakula. Mwishowe alimwendea Sumi, mke wa mzee Godai, mwanamke mnene mwenye utulivu wa jiwe la kusagia, aliyekuwa amechoka kuvumilia mtikisiko wa nyumba yake. Alimkalisha kwenye hadubini, akamfundisha kuzungusha vioo na kutafuta mwanga ulipokatika. Sumi alijifunza taratibu bila maswali mengi.

"Kitu kimoja," Fusae alimwambia. "Ukiona kasoro, nirudishie siku hiyohiyo. Usiniangalie usoni kwanza."

"Na ukinuna?"

"Nitanuna. Wewe nirudishie."

Siku ya pili Sumi aliinua kichwa kutoka kwenye vioo, akachukua sindano chache kwa kibano, akaziweka kwenye sahani ya mbovu, akaisukuma ile sahani upande wa Fusae bila neno, akaendelea na kazi. Fusae aliitazama. Uso ulimchemka. Alifungua mlango, akasimama kizingitini kwenye upepo kwa muda, akaurudisha mlango, akawasha mashine.